Orodha ya Majina Matupu

Kosa lilikuwa langu, na sitalipamba. Ni mimi, karani wa zahanati ya Sori, niliyemwambia nesi wetu kwamba kadi za wagonjwa wake wa kifua kikuu hazina kazi tena, maana zote zimeingizwa kwenye kompyuta ya ofisi moja ya binafsi mjini Homa Bay. Aliniamini. Kadi zikatumika kuwashia jiko.

Miezi michache baadaye zahanati ikapata kompyuta yake, nami nikatumwa kuhamisha kumbukumbu. Mwenye ofisi alikuwa bwana wa tabasamu na visingizio. Safari ya kwanza, stima ilikuwa imepotea. Ya pili, karani wake mwenye neno la siri alikuwa matangani. Ya tatu hakujisumbua tena kudanganya.

"Omera, ndugu yangu, mlileta makaratasi, na makaratasi niliwarudishia," akasema. "Hiyo ingine iko kwa mashine yangu. Sasa mnahama, mnahama na nini?"

Nilimbembeleza, nikamtishia kumpeleka kwa chifu, nikambembeleza tena. Naona aibu hadi leo. Mwishowe alinitupia diski moja.

Niliifungua Sori, nesi akiwa amesimama nyuma yangu. Majina tu. Jina moja moja, bila la baba, bila kijiji, bila tarehe ya kuanza dawa. Mgeni angeiita orodha. Sisi tunaowapa watoto majina ya saa waliyozaliwa tulijua ni upuuzi mtupu. Waliozaliwa usiku walijaza skrini nzima, wa alfajiri wakajaza ya pili.

Wagonjwa waliokuwa bado wanakuja, nesi aliwajua kwa sura. Aliwataka walioacha dawa katikati, wale wanaohama ufuo hadi ufuo wakifuata omena, dagaa wa ziwani, kwa sababu ukikatiza dawa zile ugonjwa hurudi na nguvu mpya.

"Nitawatafuta kwa miguu," akasema. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Tulianzia ufuoni, wanawake wakianika omena. Akaita jina la kwanza, la msichana aliyezaliwa usiku. Wakainuka tisa.

"Sista, unataka nani kati yetu?" mmoja akauliza. "Kama ni yule wa kukohoa, huyo tulizika Jumamosi."

Nesi alitoa kalamu, akainamia karatasi. Jina lile lilikuwa limeandikwa mara kumi na saba, na hakujua akate lipi.