Uji wa Jirani

Harufu ya uji uliochachushwa ilijaa jikoni leo, hapa kwenye fleti yetu Syokimau, nikawa mtoto tena.

Kule nyumbani, upande wa Masii, jirani yetu alikuwa mjane. Watu walisema yeye ndiye aliyemroga mumewe. Siku moja alinipa kibuyu cha uji nipeleke nyumbani, nikakikumbatia tumboni njia nzima kwa vile kilikuwa na joto. Mama alinipokea kwa ukali.

"Enda umwage pale kwa ua!"

Nikamwaga. Nilipoinua macho, mjane alikuwa ng'ambo ya ua na jembe lake, ananitazama. Mama alikiosha kibuyu, akakijaza maharagwe, akanituma nikirudishe, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Tulikuwa watu wa adabu sana.

Uji wa leo binti yangu alipewa na mama wa ghorofa ya juu, aliyefiwa na mumewe juzijuzi. Wapangaji wameandikiana kwenye simu kwamba chakula chake kisiguswe. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Mambo hayo siyaamini.

"Mwaga kwa sinki," nilimwambia binti yangu.

Bakuli nililiosha mwenyewe, nikaweka biskuti ndani, nikamtuma alirudishe. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama, ameniuliza kama uji ulikuwa mtamu."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia tumekunywa wote, tukamaliza."