Simu Niliyopewa na Mkwe

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Mtu wa mbali akisoma hivi anaweza kucheka. Acheke tu, ruksa. Mkwe akinijia njiani, mmoja wetu anaingia pembeni kwenye pamba au kwenye mihogo, mwenzake apite. Tukiwa na neno la kuambiana, binti yangu ndiye analibeba kutoka huku kwenda kule. Hatuli sahani moja, na kiti nilichotoka kukalia hakigusi. Nilikuwaga naiona desturi nzuri sana, maana inampa mwanamke mtu mzima nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo mkwe wangu anayekaa Nyakato, Musoma, aliponinunulia simu kubwa ya kupangusa kwa kidole, hakunipa mkononi. Aliifungua mwenyewe huko kwake, akaweka kila kitu kinachowekwa, kisha akamkabidhi binti yangu ailete kwangu Guta. Alisema, "Mwambie mama imeshakamilika. Asihangaike kubonyeza-bonyeza, yeye apige na kupokea." Mtu mwingine angeuliza humo ndani kumewekwa nini. Mimi ningeanzaje kumhoji mkwe? Nilimpelekea jogoo na shukrani nyingi, basi yakaisha.

Simu nikaiweka mahali ambapo wanawake wa rika langu tunawekaga vitu vya maana, yaani kifuani, imeviringishwa kwenye leso. Ikawa inakwenda nami kila mahali: shambani, sokoni Bunda, kliniki ya presha, msibani, jumuiya ya kanisa, na kwingine ambako sina haja ya kukutaja. Nikitoka mahali, inalia kidogo, naitoa, inaniuliza: ulikuwa hapa, je, unatoa nyota ngapi? Nilifikiri ni adabu ya simu za kisasa, kama mwenyeji anavyokuuliza habari za utokako. Kliniki niliipa nyota mbili kwa sababu ya ule mdomo wa nesi. Kanisani nilitoa zote, nani atambanie Mungu nyota? Kwa mdogo wangu anayeishi Mwitongo, kule Butiama, haikuniuliza kitu, na hiyo ni bahati yake, maana ugali wake haujawahi kuiva tangu tukiwa wasichana.

Kiangazi kimoja binti yangu akashuka kwenye bodaboda hapo uani na begi moja. Kakonda, macho yameingia ndani. Nikamkalisha, nikamletea maji, nikamuuliza kama mumewe amempiga.

"Hanipigi, mama. Angenipiga ningekuonyesha alama. Ananijua tu."

"Anakujuaje?"

"Nikikaa saluni kwa rafiki yangu nikasukwa, nikirudi ananiambia nilikaa muda gani. Nikitoka sokoni nikapita njia ya juu badala ya njia ya chini, ananitajia. Kila siku hivyo hivyo. Hapigi kelele, anatabasamu tu anasema, mke wangu, leo ulipita kule. Nimeshindwa hata kutembea vizuri, mama. Nahisi miguu siyo yangu."

Alikuwa na hakika ni rafiki yake huyo wa saluni anayempelekea mumewe habari, hivyo walishagombana, hawasalimiani. Kisha alimshuku jirani wa mlango wa pili, naye akaacha kumsalimia. Mtaa mzima wa watu, na mwanangu hana wa kuongea naye. Aliponishika magoti akasema, "Mama, usinirudishe kule," nililia mbele yake, mimi ambaye hata msibani huwa nawanyamazisha wengine.

Lakini kumrudisha au kutomrudisha hakukuwa juu yangu. Baba yake alishafariki, na msemaji wa nyumba yetu ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Shemeji ni mtu wa kamba iliyonyooka. Ng'ombe wa mahari walikuja, wakapokelewa, binti kwake ni kwa mumewe. Nilijua akimkuta pale uani atamwambia apande gari arudi, na angeona kabisa anatenda haki.

Nikasema tutoroke kidogo tupate kufikiri. Simu ya binti tuliizima tukaifukia kwenye debe la mtama, maana niliogopa mumewe asije akampigia akamlainisha. Hatukumuaga mtu. Tulipanda gari Bunda, tukashuka Butiama, tukatembea kwa miguu mpaka Mwitongo kwa mdogo wangu. Tulilala vizuri. Asubuhi mwanangu alicheka, kitu ambacho sikukisikia tangu afike. Tukiwa kwenye uji, pikipiki ikanguruma mlangoni pa boma. Mkwe!

Hebu fikiria hali yenyewe. Mimi, kwa mazoea, nikakimbilia nyuma ya jiko na kikombe changu mkononi. Yeye naye, kwa mazoea, akanigeuzia mgongo, akaanza kuongea akiwa ameuangalia mlima. "Mwambieni mke wangu avae viatu twende." Ungedhani anautuma mlima. Binti yangu akaingia ndani akakomea mlango. Mkwe akasubiri, akachoka, akasema basi, Jumamosi atakuja Guta kwa wazee, na wazee ndio watakaoamua. Akaondoka.

Hasira zangu zote zikamwangukia mdogo wangu. "Ulimi wako huo! Umempigia!"

"Nimpigie na nini? Salio lenyewe sina, na namba yake naipatia wapi?"

"Basi nani kamwambia? Kuku?"

Alikusanya vikombe vyetu akaviosha kwa kelele, na mchana tukaagana bila kutazamana. Ile njia yote ya kurudi Bunda nilikuwa najiuliza ndugu yangu wa tumbo moja amehongwa nini.

Jumamosi tukakutana nyumbani kwa shemeji. Viti vya plastiki vimepangwa sebuleni, soda zimefunguliwa, wazee wa ukoo wamevaa makoti na joto lile. Kwa kuwa mkwe alikuwemo, mimi nikakaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mdogo wangu naye alikuja kwa ajili ya mtoto wa dada yake, akakaa pembeni yangu, kila mmoja anaangalia ukuta wake. Binti yangu alikuwa sebuleni kwenye mkeka, kichwa chini. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kusema arudi Nyakato au abaki.

Mkwe anajua kuongea, sitamnyima sifa yake. Alianza taratibu, akawasifia wazee, akasema anampenda mke wake. Kisha akasema, "Tatizo ni mama. Mama mkwe ndiye anamficha. Na siyo maneno matupu, wazee wangu, nina ushahidi." Nikasikia viti vinasogea. "Jumanne mama alitoka hapa, akasimama kwa wakala Bunda. Akaenda stendi. Akashuka Butiama, akatembea mpaka Mwitongo. Akalala. Alfajiri alitoka nyumbani, akaenda nyuma kule kwenye migomba, akakaa kidogo, akarudi. Kila hatua ninayo."

Nikasikia shemeji anakohoa.

"Mkwe wangu, umesema nyuma kwenye migomba?"

"Ndiyo, mzee."

"Kule kwenye migomba kuna nini?"

Mkwe hakujua. Hajawahi kuingia boma lile. Aliyejibu alikuwa mdogo wangu, tena kwa sauti ya kuita ng'ombe, kutoka nyuma ya pazia: "Kuna choo changu!"

Weee! Mzee mmoja alisimama soda ikamwagika. Mwingine akawa anarudia peke yake, "Chooni? Mama mkwe? Chooni?" Mkwe akaanza kujitetea kwamba hakumfuata mtu, yeye alikuwa Nyakato dukani kwake, ni ile simu aliyompa mama ndiyo inayoonyesha kwenye ramani, na ya mke wake vilevile, na kwamba alifanya hivyo kwa usalama wao. Kila alipoongeza neno alizidi kuzama. Nyuma ya pazia mimi nilikuwa nimeweka mkono kifuani. Ile simu ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wangu. Mtu ambaye hata mkono sijawahi kumpa, nilikuwa nimembeba ndani ya nguo zangu miezi yote hiyo. Nilisikia aibu mpaka masikio yakavuma, halafu aibu ikaondoka ikabaki hasira safi kabisa.

Niliitoa, nikaifunga kwenye kanga, nikaisukuma chini ya pazia ikateleza sakafuni mpaka katikati ya sebule. "Shemeji, mwambie mkwe achukue macho yake!"

Nilikuwa nimemwogopa shemeji kwa sababu ya desturi, na kwa desturi hiyo hiyo akasimama. Alisema ukoo wake haujawahi kuona mwanamume anamfuata mama mkwe chooni, awe anatumia miguu, awe anatumia mashine. Akasema kama mkwe amethubutu kumwangalia mama asiyeruhusiwa kumwangalia, basi huyo mke wake anaishi vipi? Akamgeukia binti yangu, akamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Katika miaka yote ya mambo ya mahari na harusi sijawahi kusikia akiulizwa hivyo.

"Nataka kukaa kwa mama," alisema. "Mpaka nitakaposema mimi."

"Imekuwa," shemeji akajibu. Na mkwe akaambiwa alete mbuzi wa kuniondolea fedheha. Aliinamisha kichwa, akakubali. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu, nisikudanganye. Pale nyuma ya pazia nikamshika mdogo wangu mkono. Akaniambia, "Sasa uniombe radhi, na ugali wangu uusifie." Nikamwomba radhi. Ugali nilikataa.

Simu haikurudi kwa mkwe, kwa sababu zawadi kwetu hairudishwi. Shemeji aliagiza isafishwe tu. Mimi na binti yangu tukabeba zote mbili mpaka Bunda mjini, kwa fundi simu mmoja, msichana mwenye meza ndogo na miwani mikubwa. Alitusalimia shikamoo, akazipekua, akasema zote zilifunguliwa kwa barua pepe ya mtu mwingine, hivyo mtu huyo akifungua ramani kwake anatuona tunavyotembea. Akamtoa. Nilishusha pumzi.

"Huyo ametoka, mama. Wamebaki wenyewe kampuni."

"Kampuni ipi tena?"

Akanigeuzia kioo. Nilikuta ramani na mistari juu yake. Guta mpaka sokoni. Nyumbani mpaka kanisani. Kliniki. Makaburini kwa mume wangu, ambako nilikuwaga naenda peke yangu na sikumwambia hata mwanangu. Vyote vimechorwa na saa zake. Binti yangu aliona ule mstari wa makaburini, akaniangalia.

"Wanataka nini na safari za mjane wa Guta?" nikauliza, na nilikuwa nimepaza sauti.

"Matangazo, mama. Wakijua unapitaga duka la dawa za mifugo, wanakuletea tangazo la dawa. Wanaojua wengi wanapita wapi ndio wanauza."

"Nani kawaruhusu?"

"Kuna pa kubonyeza kukubali. Aliyeifungua simu alibonyeza."

Loo! Kumbe nilishaozwa na sikuwepo. Nikamwambia azime, afute. Akakataa kufuta yeye. Akanishika kidole akasema, "Bonyeza wewe, ni vyako." Nikabonyeza, safari zangu zikaondoka moja moja, nikajisikia mwepesi kama nimetua kuni. Nikamuuliza kama wamefuta kweli kweli. Akacheka, akasema hapo tunawaamini tu, ila siku hizi sheria ya taarifa za mtu ipo hapa nchini, na mtu ana haki ya kuwauliza wana nini chake na kuwaambia wakitoe. Nilipenda neno hilo. Sikujua kuwa naweza kuiuliza kampuni swali, wakati mkwe tu alinishinda.

Siku hizi jumuiya ikiisha, wanawake wananiletea simu zao. Nawaonyesha pa kuangalia simu imefunguliwa na nani na pa kuzima huo ufuatiliaji. Kidole changu hakigusi, kila mama anabonyeza mwenyewe. Mmoja alikuta ni mwanawe wa Mwanza anamwangalia. Akafikiri, akasema huyu namwacha, anajali, lakini nitamwambia kwamba nimejua. Nikasema safi, uamuzi ni wako. Wengine wanafuta huku wanashangilia utafikiri goli limeingia. Kliniki nayo nimeiongezea nyota, nesi amebadilishwa.

Binti yangu alichukua muda. Kila alipotoka alikuwa anageuka nyuma. Alikwenda Musoma mara moja kupatana na rafiki yake wa saluni, akarudi kasukwa, macho mekundu kwa kulia, lakini ametulia. Mume wake anatuma salamu kupitia kwa shemeji, naye anazisikiliza, bado hajajibu.

Juzi, baada ya mvua, alivaa gauni la njano akapita uani. "Mama, natoka," akasema. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Kuku waliingia bandani hajarudi, na nilikuwa nimeshaanza kuchungulia barabarani, aliporudi miguu yote matope, anaimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa na maswali mdomoni yamejaa: kwa nani, njia gani, mpaka saa hizi. Mimi ni mama yake, na Guta nzima hakuna mwanamke anayejua kuuliza kama mimi.

Nikampakulia sato na ugali, akala akamaliza. Mpaka leo sijui alikuwa wapi.