Kamba Mbili za Ng'ombe

Niliacha shule darasa la nne, lakini kusoma sikuacha. Nilisoma kila karatasi iliyofungiwa sukari. Moja, niliyoipata katika duka la Eldoret, ilikuwa imechanwa kutoka kitabu cha hesabu: duara mbili zimepandana, huku watoto wanaopenda mpira, huku wanaopenda kuimba, na katikati wanaopenda vyote. Niliibeba mfukoni miezi mingi.

Wakati huo kikundi cha wakulima kilikuwa kimenunua shamba la mzungu upande wa Sugoi, likapimwa viwanja sabini. Wanachama waliandikishwa mahali pawili: kanisani Jumapili, na mjini siku ya soko. Siku ya kugawa, karani akasoma: kanisani arobaini na wanane, sokoni thelathini na saba.

"Jumla themanini na watano," akasema. "Kumi na watano walioandikwa mwisho watasubiri shamba lingine."

Wa mwisho kabisa alikuwa mama mjane aliyenipa stoo yake nilale. Alikuja na vigingi vinne vya mipaka begani. Akaviweka chini.

"Karani, kuna watu umewahesabu mara mbili," nikasema.

"Nionyeshe jina moja linalojirudia!"

Halikuwepo. Kanisani watu walikuwa wametaja jina la ubatizo. Sokoni, jina la nyumbani.

"Na wewe wa darasa la nne," mwenyekiti akauliza, "leo umekuwa inspekta?" Watu wakacheka.

"Mzee, nipe tu kamba mbili za ng'ombe."

Nilizilaza kwenye nyasi, duara mbili kubwa zimepandana. Wa kanisani wakaingia moja, wa sokoni nyingine. Walioandikwa kote nikawaomba wasimame katikati. Hakuna aliyesogea, waliogopa kuitwa wezi wa viwanja. Mwishowe mzee mmoja mwenye koti la jeshi akavuka kamba.

"Niliandikwa kanisani," akasema. "Halafu nikafikiri wamenisahau, nikaandikwa tena sokoni."

"Hata mimi, Mzee!" mwingine akapaza sauti, na kicheko kikawaleta wengine. Katikati pakajaa watu kumi na saba.

"Hawa wamo kwenye orodha ya kanisani, na wamo tena kwenye ya sokoni," nikamwambia karani. "Watoe mara moja, si mara mbili. Bado ni wanachama."

Akalamba penseli, akatoa kumi na saba kwenye themanini na tano. Sitini na nane. Hakuamini, akazunguka kamba akihesabu vichwa. Sitini na nane. Akarudia.

"Kwa hivyo kila mtu anapata," mwenyekiti akasema polepole, "na viwanja viwili vinabaki?"

Vigelegele vikapasuka. Mama akainua vigingi vyake, akamwendea karani.

"Andika majina yangu yote mawili, kwa mstari mmoja." Kisha akanigeukia. "Na wewe, inspekta, beba nyundo."

Nimefanya kazi nyingi, miji mingi. Sijawahi kupiga kigingi kikazama vizuri kama kile cha kwanza.