Sahani ya Siku ya Mungu

Tantine Laurette ni mudogo ya mama yangu. Zamani alikuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, katika soko ya hapa Kadutu, na watu walikuwa wanaogopa mudomo wake. Mutu akigusa-gusa samaki bila kununua, alikuwa anamwambia: "Papa, hizi samaki haziko na homa, acha kuzipima."

Sasa iko Oman, anapika katika nyumba ya Bi Zuwena. Huyu Bi Zuwena anajua Kiswahili, sababu wazazi wake walizaliwa Zanzibar. Ndiyo maana sisi tulifikiri watasikilizana vizuri.

Mutoto wa Tantine, Bijou, alibaki kwetu na Koko Agathe, nyanya yetu, mwenye alizaa Tantine na mama yangu. Mwaka huu Bijou alipaswa kupokea komunyo ya kwanza siku ya Pasaka. Kwa parokia yetu, mutoto wa komunyo anapita katikati ya kanisa na mama yake kando, na mama ndiye anabeba mushumaa. Tantine alitaka kitu kimoja tu, kubeba ule mushumaa. Na Bi Zuwena alikuwa amemwahidi: "Baada ya Idi utakwenda kwenu, inshallah, tiketi juu yangu." Pasaka ilikuwa inakuja nyuma ya Idi. Tulianza kufurahi.

Lakini mwaka huu Kwaresima na Ramazani vilianza wiki moja. Tantine akamuwekea Mungu ahadi kwamba Kwaresima yote hatakula muchana, ili ile safari isivunjike. Ndivyo Koko Agathe anafunga tangu usichana wake kule Nyantende: kila siku mpaka jioni, isipokuwa siku ya Mungu, Jumapili. Siku ya Mungu ni siku ya ufufuko, mutu anakula. Kwa Koko, kukataa chakula siku ile ni kumutia Mungu haya mbele ya wageni.

Tantine hakueleza mutu. Aliona ni mambo yake na Mungu. Bi Zuwena naye hakuuliza. Aliona tu sahani ya muchana inabaki kavu, na mupishi wake anangoja jua kama wao. Akajijibia mwenyewe kwamba Laurette anafunga Ramazani, anataka kuingia dini yao.

Koko hajui kufungua mesaje ya sauti, kwa hiyo ninamufungulia, na nyumba yote inasikia. Tantine alisema:

"Maman, huku wananipenda mpaka ninaogopa. Leo amenipatia kanzu mupya na mutandio. Ananiita dada. Lakini kazi, weee! Nusu ya siku wamelala, kisha wanaamuka wote na njaa, huyu anataka supu, huyu sambusa, huyu nyama. Na chumvi hakuna wa kuonja. Wao wamefunga, mimi nimefunga, tunatia tu na kuomba Mungu."

Koko akajibu, telefone karibu na meno: "Laurette, uliwaambia ni Kwaresima?"

"Hawajaniuliza, maman."

"Waambie."

"Nitaanzia wapi? Bi Zuwena anacheka tangu asubui. Nikisema sasa, ataona ninamutupia kanzu yake."

Siku ya Mungu ya kwanza, watu wa nyumba walikwenda kwa mama mukwe, Tantine akakula bila kuonekana. Ya pili, dada za Bi Zuwena walikuja kutembea. Walikuja kumuona yeye, mupishi mwenye alianza kufunga. Tantine hakujua. Muchana akachukua mukate na yai, akaingia chumba cha kufulia nguo, kwa heshima, asiwatamanishe wenye njaa. Bi Zuwena alikuwa anamutafuta ili amuonyeshe kwa dada zake. Akafungua mulango.

"Laurette! Mchana huu?"

"Ni siku ya Mungu, Mama."

"Siku zote ni za Mungu."

"Kwetu siku hii hatufungi."

"Kwenu nani? Siku zote hizi ulikuwa unafunga nini?"

"Kwaresima, Mama. Mimi ni Mukatoliki. Ulijua."

Bi Zuwena akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. "Na kanzu uliichukulia nini?"

"Ulinipatia."

"Nimewaambia dada zangu. Nimemwambia mama mkwe wangu, Laurette. Mama mkwe!"

"Mimi sikukuambia kitu."

"Ndiyo. Hukuniambia kitu."

Kelele ya huko ilikwisha upesi. Ya hapa Kadutu ndiyo ilidumu. Koko alipiga mikono juu ya magoti yake: "Siku ile moja tu, si ungefunga? Mungu angeelewa!"

"Maman, si ni wewe ulinifundisha?"

Koko akasema: "Nilikufundisha ukiwa huku."

Idi ikapita. Tiketi haikutoka. Bi Zuwena alisema musichana wa kushika kazi hajapatikana, wangoje mpaka nyuma ya Hija. Pengine ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilimukula Tantine. "Angenitukana ningejua," alisema. "Mimi ninajua kutukanwa, niliuza soko. Lakini huyu anasema kwa upole, na ninashindwa kujua kama ananiazibu."

Na kulikuwa jambo lingine. Tangu siku ile ya yai, kila siku ya Mungu muchana, hata Ramazani ikiendelea, Bi Zuwena aliingia jikoni akiwa na njaa yake, akapika wali na samaki kwa mikono yake mwenyewe bila kuonja, akafunika sahani na sahani ingine, akaiweka mezani, akatoka. Hasemi kitu. Hata Idi ilipopita hakuacha.

"Ninakula nimekasirika," Tantine alisema. "Mimi ninataka tiketi, yeye ananipatia wali. Na wali yenyewe haina chumvi."

Pasaka ikafika. Koko Agathe alivaa kitenge kipya, akanyoosha mukono kuchukua mushumaa. Bijou akaurudisha nyuma.

"Koko, si yako."

"Nani atabeba basi?"

"Mimi."

"Mutoto habebi wa kwake!"

Watu walikuwa wanatembea tayari, padri anatazama. Bijou akapita katikati ya kanisa peke yake, mushumaa kwa mukono wake, nta inadondoka juu ya robe yake, ile nguo nyeupe ya komunyo, na Koko nyuma anasonya mpaka altareni.

Nje ya kanisa tulipiga telefone. Tantine hakusalimia.

"Nani alibeba?"

"Mimi mwenyewe," Bijou alisema.

Kisha tulisikia sauti ingine, ya mbali kidogo, ya upole: "Laurette, chakula kinapoa."

"Kipoe," Tantine akajibu, na hakukata telefone. "Bijou. Robe iliungua?"

"Hapana. Iko na nta tu."

"Musiifue. Iningoje."