Mlinzi Aliyeombea Gari Lilipuke

Baba yangu mdogo amecheza gemu moja tu maishani mwake, na kwenye gemu hiyo kipande kimoja tu, cha dakika mbili. Amekicheza zaidi ya mara mia. Gari linakuja kwenye kizuizi, halisimami, yeye hapigi risasi, gari linalipuka, anakufa yeye na wenzake wanne. Kisha anaweka padi ya kuchezea mezani, ametulia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Vijana wanaotengeneza gemu hiyo walikuwa wanasema mzee ana huruma, hawezi kuua hata kwenye kompyuta. Huruma wapi. Yule mtu alikuwa anaombea gari lilipuke.

Alikuwa askari miaka kumi na miwili. Akatoka jeshini bila kelele, akaoa, akapata mabinti wawili, na kazi aliyopata baada ya hapo ni ya ulinzi kwenye jengo la ofisi. Gari linakuja getini, anainuka, anaangalia namba, anaangalia sura ya dereva, anapandisha bomba linalofunga njia. Mama mdogo humwambia, "Jeshi lilikutoa barabarani likakurudisha barabarani, wamekubadilishia sare tu." Naye hucheka kwa pua. Nyumbani ni mtu wa kushona vifungo vyake mwenyewe na kukunja shuka zikawa kama vitabu. Usingizi ndio hana. Mama mdogo alishazoea kuamka na kumkuta kakaa kitini, kavaa soksi.

Ghorofa ya tatu ya jengo hilo wamepanga vijana sita wanaotengeneza gemu ya vita. Anayeandika hadithi ni binti wa miaka ishirini na sita, wote wanamwita Mwandishi, na mwaka jana alikwama. Akashuka na daftari.

"Afande, shikamoo. Nina swali la kazi."

"Marahaba. Kazi yangu au yako?"

"Yangu, ila jibu liko kwako. Gari linakuja kwenye kizuizi, halisimami. Mchezaji nimempa sekunde tatu aamue. Zinatosha?"

"Sita," baba mdogo akasema. "Na zote utazikumbuka."

Kwa wasiocheza, niwaambie. Gemu za vita zimechoka na adui asiye na sura, siku hizi zinataka utata. Unapewa njia mbili, zote chungu, unachagua moja, muziki wa huzuni unapigwa, halafu unapewa bunduki mpya na safari inaendelea. Utata wa kuchemsha dakika tano. Mwandishi alitaka kitu kizito zaidi ya hapo, na alidhani amekuja kuchota maelezo madogo madogo ya kupambia.

Baba mdogo akamsimulia habari ya "jamaa mmoja kikosini kwetu". Wiki moja kabla, kwenye kizuizi cha kule darajani, gari halikusimama, likalipuka, wakafa wanne. Mmoja wao alikuwa ameazima wembe wa baba mdogo na hajaurudisha. Amri ikatoka: gari likipita alama ya kwanza, piga. Basi asubuhi hiyo likaja gari jeupe, injini inalia kwa gia ndogo, na waipa zinacheza.

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Jua la kupasua mawe."

Mwandishi akaandika neno waipa na kulipigia mstari. "Jamaa akapiga?"

"Akapiga."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Bomu," baba mdogo akasema, akaenda kupandisha bomba la geti, ingawa gari lililokuwa linakuja lilikuwa bado mbali.

Uongo. Hakukuwa na jamaa, na hakukuwa na bomu. Aliyepiga ni yeye, na aliyekwenda kufungua mlango wa gari ni yeye. Miaka kumi na tisa hakumwambia mtu, hata mke wake. Jeshi lilimpa barua ya kumsifu kwa kufuata amri, naye akaichana vipande vidogo sana.

Mwezi mmoja baadaye kipande kile cha gemu kilikuwa tayari, na bosi wao, kijana asiyevua vipokea sauti masikioni, akamwita juu saa ya chakula aje ajaribu. Akashika padi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Gari jeupe likaja. Waipa zinacheza, jua kali. Hakubonyeza. Likalipuka, na maandishi yakatokea: wenzako wanne wamekufa kwa sababu yako.

"Aa, Afande, ungepiga," vijana wakasema.

"Tena," akasema.

Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Anakula haraka, anapanda ngazi, anajilipukia mara tatu nne, anashuka. Ikawa utani wa ofisi.

"Afande, leo tena umekufa?"

"Nimekufa vizuri tu, asante."

Nyumbani akaanza kulala. Kitandani, kama watu. Akaanza kuimba bafuni, na sauti hana. Mama mdogo akamvizia mlangoni na taulo.

"Wewe, umepata mwanamke?"

"Nimepata gari."

"Gari gani, na wewe hata baiskeli huna?"

Angemwambia nini? Kwamba kila saa saba mchana anakwenda kuangalia gari lile likilipuka, na likilipuka maana yake aliyepiga alikuwa sahihi. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Aliwekewa mahali ambapo kutopiga ni kosa, akawa anakwenda kukosea makusudi, ili asubuhi ile ya zamani ihesabike kuwa haki. Mnaweza kumcheka. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Mwandishi naye wakati huo alikuwa anajifunza kuendesha gari. Alasiri moja mwalimu wake akamwambia, pita hapo kazini kwako, ingia getini, wakuone. Akakunja kona. Akataka kuwasha indiketa, mkono ukagusa kijiti cha upande mwingine, waipa zikaanza kufagia kioo kikavu. Akababaika, akatafuta pa kuzima, mguu ukaganda kwenye mafuta. Gari likawa linakwenda kwenye bomba la geti huku waipa zinacheza na jua linawaka. Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake. Wakasimama pua ya gari ikiwa chini ya bomba.

Mwandishi akainua macho akicheka kwa aibu, akamwona baba mdogo. Alikuwa amepiga goti nyuma ya nguzo. Jicho la kushoto limefumbwa, mikono imeshika kitu ambacho hakipo. Kidole cha shahada kilikunjika mara tatu.

"Afande," akamwita kwa sauti ndogo. "Afande, ni mimi."

Akainuka, akapangusa vumbi kwenye goti. "Indiketa iko kulia, mwanangu," akasema. "Hiyo uliyoshika ni waipa."

Siri ya mtungi muulize kata. Yule binti alikaa kwenye gari la shule ya udereva akajua mambo mawili kwa mpigo: dereva wa lile gari jeupe alikuwa hajui kuendesha, na jamaa wa kikosini alikuwa amesimama mbele yake anapandisha bomba. La pili hakulisema. La kwanza alipanda nalo juu akaliandika.

Siku nne baadaye baba mdogo akaja saa ya chakula kama kawaida. Gari likaja. Hakubonyeza. Gari likapita kizuizini, likayumba, likaingia mtaroni, likazima. Mlango ukafunguka. Akatoka msichana, mikono juu, waipa bado zinacheza nyuma yake. Akasema, "Msinipige. Sijui kuendesha."

Baba mdogo alikaa na padi mkononi. Gemu ikawa inasubiri.

"Bomu liko wapi?"

"Nimelitoa," Mwandishi akasema.

"Lirudishe."

"Afande, hii ndiyo kweli zaidi. Ukiangalia zile waipa..."

"Nimekuambia lirudishe."

Alikuwa hajawahi kusema nao kwa sauti ile. Bosi akavua vipokea sauti, akaja na suluhu, maana mabosi hawakosi suluhu. "Tuweke nusu kwa nusu. Kompyuta ichague yenyewe. Mara bomu, mara msichana, mchezaji hajui. Huo ndio utata wenyewe, na Afande atapata bomu lake. Sawa, mzee wangu?"

Baba mdogo akafikiria. Mwandishi anasema alionekana anapiga hesabu kabisa, midomo inacheza.

"Kwa hiyo nikicheza mara mia," akasema, "hamsini nitakuwa sawa."

"Kama hivyo."

Msichana kwenye kioo bado alikuwa amenyoosha mikono.

"Hapana," akasema baba mdogo. "Acheni hivyo hivyo. Mimi nilifungua mlango."

Ndipo akawaeleza, macho yakiwa kwenye kioo. Baba mtu alikuwa anaendesha, akazidiwa na moyo njiani. Binti yake akamsogeza kiti cha pembeni, akashika usukani, anakwenda hospitali. Alikuwa na umri kama wa Mwandishi. Risasi tatu, zote kwake. Baba mtu alikuwa anatokwa jasho, nusu yuko, nusu hayuko. Alimwangalia binti yake, akamwangalia askari aliyefungua mlango, akauliza, "Sasa nani ataendesha?"

"Nikaendesha mimi," baba mdogo akasema. "Njia nzima namwambia tunakaribia. Tulikuwa hatujakaribia."

Bosi akajaribu. "Afande, pole sana. Hilo hatuliweki."

"Mtaliweka. Sasa hivi mtu akipiga mnampeleka wapi?"

"Misheni inayofuata," Mwandishi akasema.

"Hapo ndipo mnapodanganya watu. Akipiga, atembee mpaka kwenye gari. Afungue mlango. Halafu aendeshe."

"Wachezaji watazima, mzee wangu."

"Wazime. Wao wana kitufe."

Alirudi nyumbani mapema akamwambia mama mdogo kila kitu, jikoni, wamesimama. Alisema hataki ayasikie kwa wengine. Mama mdogo alizima jiko kwanza. Akauliza swali moja ambalo vijana wote sita hawakuuliza.

"Yule baba alipona?"

"Alipona."

"Umejuaje?"

"Nilikwenda kumwona wodini. Mara mbili."

"Akakufanya nini?"

"Alinishukuru. Alidhani mimi ndiye niliyewaambia wenzangu waache kupiga. Akanielekeza kwake, akasema siku yoyote nikipita, pale ni nyumbani." Akatafuta pa kuweka mikono. "Hajui, mke wangu. Mpaka leo anadhani nilimwokoa."

Mama mdogo ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alitumia machache. "Basi mimi siye niliyestahili kuambiwa," akasema. "Nenda kwake."

"Ni mzee sana sasa. Nikamuue mara ya pili?"

"Huo ni utata wako. Nenda nao."

Ilimchukua miezi mitatu kuomba ruhusa ya siku tatu kazini, kisha akapanda basi. Siku ya kwanza alipiga simu: nyumba ameiona, mzee yupo, yuko barazani anachambua maharage, yeye amesimama ng'ambo ya barabara. Siku ya pili vivyo hivyo, ila amesogea mpaka dukani. Siku ya tatu simu ikaja jioni, na mama mdogo akaiweka wazi ili mabinti zake wamsikie baba yao.

"Nimeingia," akasema. "Amenikumbuka. Kabla sijakaa amenishika mkono na hauachii. Akawaita wajukuu wote watoke, waje wamwone mtu aliyemwokoa babu."

"Ukamwambia?"

"Walinisalimia mmoja mmoja. Wakubwa kwa wadogo. Wa mwisho ni msichana mdogo, wamempa jina la yule binti."

"Nakuuliza, ukamwambia?"

Nyuma yake kulikuwa na sauti za watoto, na mtu mzima akiuliza mgeni amepewa maji ya kuoga au bado.

"Wamenitandikia kitanda," baba mdogo akasema. "Kesho asubuhi narudi."

"Usirudi," mama mdogo akasema. "Hapa usirudi hujamwambia." Akakata.

Gemu imetoka. Mtandaoni wanalalamika kwamba ukipiga risasi unalazimishwa kuendesha gari dakika ishirini na mbili bila kupigana na mtu, huku mgonjwa anakuuliza kama mmefika. Wanasema inachosha, waandishi wameishiwa. Wengine wamegundua kwamba usipopiga hakuna hata mtu anayekufa, wanauliza sasa changamoto iko wapi. Nimesoma yote hayo kwenye sebule ya mama mdogo, yeye akiwa ameweka simu yake juu ya meza, kioo kikiangalia juu.

Siku tatu za ruhusa ziliisha wiki iliyopita. Getini wameweka mtu mwingine. Baba mdogo bado yuko kule. Anatuma ujumbe kila asubuhi, mfupi, kwamba leo atamwambia, na kwamba mzee amemwomba amsaidie kwanza kutengeneza mlango.