Samaki wa Mvua na Siku za Saidi

Aliyeniambia kwanza kwamba samaki wa mvua hugawana siku na mtoto mchanga alikuwa Bibi, mama yake baba. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, tumekaa uani kwetu Igawa tunapeta mchele, na mdogo wangu Saidi alikuwa hajatimiza arobaini. Bibi hakuinua macho kwenye ungo. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha.

"Samaki hao hawaoni masika mawili, mke mwenzangu. Wamepewa siku chache. Wakikaa nyumba moja na mtoto mchanga, wanamwomba zake."

"Wanamwombaje, Bibi, na hawasemi?"

"Na wewe ulipokula kiazi changu juzi, ulisema?"

Nawaeleza samaki hao kama nilivyowajua, maana huku Kihesa ninakoishi sasa na mume wangu nikiwataja watu hucheka. Hawazidi kidole cha mwisho cha mkono. Dume ni mwekundu, na mapezi yake yana ukingo wa buluu. Jike ana rangi ya maji ya jivu, hata ukimtazama unamsahau. Walitokea kila mvua kwenye mashimo ambayo udongo wake ulichukuliwa kujengea barabara kuu, na kiangazi mashimo yakikauka walikwisha wote. Watu wa Igawa walisema samaki hao huanguka na mvua. Baba alisema wanatoka ardhini, naye alikuwa ameona kwa macho yake. Bonge la udongo mkavu alilolileta kuzibia ufa wa ukuta lilibaki kwenye chungu kibovu, mvua ikakijaza chungu, na kesho yake mlikuwa na samaki wadogo kama kope.

Tangu hapo akawa anawafuga. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka, na mwenye duka alimpa chupa kubwa za kioo zilizokwisha peremende. Katika kila chupa aliweka dume mmoja na majike, na chini yao bakuli la udongo laini uliochekechwa. Dume humsukuma jike mpaka kwenye udongo, wakatetemeka pamoja, na yai moja likazama, dogo kuliko punje ya ulezi. Baada ya majuma kadhaa baba aliutoa ule udongo, akaukamua hadi usitoe tone, akaufunga kwa jani la mgomba na kuutundika darini kungoja mvua za mwaka unaofuata. Kazi yangu mimi ilikuwa chakula. Nyuma ya jiko tulikuwa na pipa la maji yaliyosimama, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyamwaga, na kila asubuhi nilichota humo viluwiluwi vya mbu kwa kipande cha chandarua kuukuu.

Bibi alimwambia baba yale aliyoniambia mimi. Baba alikuwa anamheshimu sana, lakini siku hiyo alicheka. "Mama, samaki wangu wanakula viluwiluwi. Hawali watoto."

"Sikusema wanakula," alijibu Bibi, na hakuyataja tena kwa miezi.

Mvua zikakatika. Mashimo ya barabarani yakawa tope, kisha yakapasuka. Samaki wetu nao wakaanza kuzeeka ndani ya chupa. Wekundu uliwatoka, migongo ikapinda, wakawa wanalala chini wakiegemea mapezi yao. Kila juma baba alitoa mmoja au wawili na kuwatupa kwa kuku. Yeye aliona ni kawaida, maana alijua umri wao. Mimi nilianza kuzitazama chupa kwa namna nyingine. Nilikuwa mtoto mwoga wa kusema, na nikiwa na neno zito nililiweka tumboni mpaka linaniuma kweli.

Siku jike wa mwisho alipoelea tumbo juu, Saidi alikataa ziwa. Jioni mwili wake ulikuwa moto hata ukimgusa unarudisha mkono. Akabaki dume mmoja tu kwenye chupa moja.

Bibi alisimama mlangoni. "Omari, mtoe."

Baba hakucheka safari hii. Aliibeba chupa mikononi. "Nitampeleka mtoni."

"Mtoni kuna kambare."

Mama alikuwa kitandani anamkandakanda Saidi kwa kitambaa cha maji, naye akageuza uso kutusikiliza.

"Basi nimwache wapi, mama? Mashimo yamekauka," baba alimwuliza Bibi.

Bibi alifikiri. Niliona alivyonaswa na maneno yake mwenyewe. Samaki asikae ndani, lakini akimezwa leo, siku anazogawana na Saidi zimekwisha leo. "Rudisha chupa," alisema mwishowe. "Na afe kwa kuchelewa."

Ndipo nyumba nzima ikaanza kumuuguza samaki. Baba, ambaye alikuwa anajua kuliko sisi sote kwamba samaki yule hana dawa, alimbadilishia maji na kumhamisha dirishani apate jua. Bibi alimletea viluwiluwi mwenyewe kwa kikombe cha chai, akainama juu ya chupa na kumsihi, "Kula, mzee. Kula kidogo tu." Jirani yetu Mama Tatu alichungulia siku moja akamtania, akimwita kwa jina langu, "Bibi Zaina, huyo mnamnenepesha mumkaange?"

"Kamkaange mumeo," alisema Bibi bila kugeuka.

Kisha Saidi akashikwa na degedege. Baba alikimbia barabarani akasimamisha lori la mahindi lililokuwa linakwenda Mbeya. Mama alipandishwa mbele na Saidi kifuani, baba akapanda nyuma juu ya magunia. Lori lilipoanza kuondoka aliniita, "Zaina, mwangalie yule ndani." Vumbi likawafunika.

Mtu asiyewahi kungoja habari hawezi kujua jinsi siku zile zilivyokuwa. Malori yalipita, madereva wakanunua chai na mihogo, wakaendelea na safari. Kila nilipomsogelea mmoja kuuliza kama amebeba salamu kutoka Mbeya, niliona aibu nikarudi. Hatukuwa na habari nyingine ila yule samaki. Nikiamka nilimwendea kabla ya kunawa uso. Akitikisa mapezi, nilijua Saidi amelala salama. Akikataa kula, na mimi chakula hakikupita. Bibi hakuniambia nifanye hivyo. Nilimwona tu na yeye akifanya, akijidai anafuta vumbi dirishani.

Samaki alikufa alasiri moja. Bibi alikuwa juu ya mkeka anasali. Nilimwona samaki akilala ubavu, mashavu yake yakifunguka na kujifunga polepole, kisha hayakufunguka. Nilisimama pale mpaka Bibi akatoa salamu. Aliponitazama alijua. Alikuja, akatazama, akarudi kuketi mkekani akanyoosha miguu, kama wanawake wanavyokaa msibani.

Nikaanza kulia.

"Nyamaza," alisema. "Kilio hakitangulii habari."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, mimi ambaye darasani nilijua jibu nikanyamaza. Nilisema, "Bibi, na mayai je?"

"Yai si samaki."

"Tukiyamwagia maji yatakuwa samaki. Ndani ya nyumba patakuwa na walio hai."

Bibi alinitazama. Akatazama darini, palipokuwa na vile vifurushi vya majani ya mgomba, kazi yote ya baba ya mwaka ule. Nilimweleza, maana sikutaka afanye bila kujua, kwamba baba amekataza kuvigusa mpaka mvua. Mayai yakilowa kabla ya siku zake hutoa watoto dhaifu, na yakishalowa hayarudi kuwa mayai. Tukiyaharibu, baba atabaki bila kitu.

"Abaki na mwanawe," alisema Bibi. "Panda."

Alinishikia kigoda, nikapanda. Nilitaka kushusha kifurushi kimoja tu, akasema vyote. Tukavipasua, udongo wenye harufu ya shimo la barabarani ukamwagika kwenye chupa, na Bibi akamimina maji ya mtungi kwa mkono wake. Maji yakawa kahawia. Tulikaa tukiyatazama mpaka giza likatunyima kuona, na hapakuwa na kitu. Asubuhi hapakuwa na kitu. Jua lilipopanda udongo ukatulia chini, na kabla ya adhuhuri niliona kope moja imesogea. Kisha nyingine. Kisha nyingi.

Lakini hawakuelea. Walijisukuma chini juu ya udongo, wakijaribu kuinuka na kuanguka. Bibi aliweka jicho karibu na kioo.

"Wanatambaa."

"Hawawezi kuogelea, Bibi. Baba alisema wakitoka mapema huwa hivyo."

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Basi," alisema, akaenda kusonga ugali. Kabla ya hapo tangu lori liondoke tulikuwa tumekula uji tu.

Kila siku baadhi yao walikufa. Wakadumu wachache, nami nikawa siwezi kuitazama chupa wala kuiacha. Hali ikiwa hiyo, mchana mmoja lori lilisimama barabarani. Baba alishuka wa kwanza, mikono mitupu. Kisha akageuka, akainua mikono juu, na mama akampa mzigo wa kanga, na kwenye ule mzigo kichwa kikageuka kutafuta jua linatoka wapi.

Bibi hakupiga vigelegele. Alimpokea, akamnusa utosini kwa muda mrefu, akamrudisha kwa mama yake.

Baba aliingia ndani akaona majani yaliyopasuliwa. "Nani amemwaga maji?"

"Mimi," alisema Bibi.

"Wewe ulipanda juu ya kigoda, mama?"

"Nilikushika wewe ukijifunza kutembea. Kigoda kitanishinda?"

Baba alinitazama, akajua. Aliketi chini, akatueleza polepole. Huko hospitali waliomtibu Saidi walimwuliza mama kama nyumbani kuna maji yaliyosimama. Mama alisema kweli, lipo pipa. Wakamwambia homa ya mtoto imeletwa na mbu. Baba alijua siku zote kwamba viluwiluwi huwa mbu, lakini alijiambia samaki wanavimaliza. Havikuisha. Kila samaki alipokufa mimi nilichota pungufu, na vile vilivyobaki pipani viliota mabawa, vikaja ndani alipolala Saidi.

Baba akaondoka akaenda nyuma ya jiko, akalisukuma pipa kwa bega mpaka likaanguka. Bibi alisimama kando ya yale maji yakinywewa na mchanga. Nilidhani atasema, "Nilikuambia." Alisema, "Nilijua wanachukua. Sikujua wanapitia wapi."

Mume wangu huniambia Bibi alibahatisha tu. Mimi sibishani naye. Najua homa inaletwa na nini, nilifundishwa shuleni, na kwangu hata kopo halilali na maji. Hata hivyo, mwanangu akipandwa na homa, nikishampa dawa na kumkanda, najikuta natazama huku na huku ndani ya nyumba nikitafuta kitu kingine cha kutunza kisife, hata mche wa nyanya. Nadhani Bibi naye aliponiambia nipande, hakuwa tena anafikiria samaki. Alikuwa na mikono miwili isiyo na kazi, na mjukuu yuko Mbeya.

Asubuhi iliyofuata kurudi kwao, niliamka kabla ya wote. Watoto wa samaki waliobaki walikuwa wamekufa usiku, hata mmoja hakusogea nilipogonga kioo. Niliacha chupa, nikaingia taratibu chumbani kwa mama, nikaweka kiganja mbele ya pua ya Saidi. Pumzi ilikuja, ikaondoka, ikaja. Sikuondoa mkono. Mama alifungua macho akaniuliza kwa sauti ndogo ninataka nini. Nikamwambia sitaki kitu.