Honi ya Kumtoa Sabiha

Mzee Idarusi wa Chumbageni hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa honi. Alikuwa na gari kuukuu jeusi, alilolipata kwa Mzungu wa shamba la katani aliyekuwa akirudi kwao, na kwa gari hilo alibeba maharusi, wagonjwa na magunia ya nazi. Popote lilipopita lilisikika kabla ya kuonekana. Watu wa mtaa walisema Idarusi anaendesha honi, gari linamfuata tu. Mkewe alijua kwa honi kama mume anarudi na njaa au amekwisha kula huko. Na siku alipozaliwa Sabiha, mtoto wao wa pekee, Idarusi alipiga honi kutoka hospitali mpaka mlangoni kwake, kisha akaingia ndani akalala, asimwambie mtu kama ni wa kiume au wa kike.

Basi Sabiha alipochumbiwa na kijana wa Kigombe, mwaka wa hamsini na sita, baba yake alimwahidi jambo moja. "Utatoka hapa kwa honi, mwanangu, na utafika kwa honi." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu, na Sabiha alijua hataisikia nyingine.

Wiki ya harusi, mama mkwe wa Idarusi, Bi Mwanamkasi, akaja na hirizi. Alisema gari la harusi linatazamwa na macho mengi, na si yote mema. Hakutaka ining'inizwe kwenye kioo kama pambo. Alitaka iwekwe moyoni mwa gari. Idarusi akafungua boneti, akatafuta moyo, akamwonyesha kisanduku cha fyuzi, maana ndicho kitu pekee mle ndani chenye mfuniko. Bibi akaridhika. Hirizi ilikuwa ndani ya kikopo cha bati, nayo ikafungwa pale kwa waya wa shaba.

Siku ile ile, gari lilipoingia shimo la kwanza, honi ikakata. Idarusi alichomoa fyuzi, kibomba kidogo cha kioo, akakiinua juani akaona uzi wa ndani umeungua. Akatia nyingine, honi ikalia. Akaondoka, akaingia shimo la pili, ikakata tena. Alikagua nyaya zote, moja moja. Ile hirizi nayo aliiona, lakini aliisogeza kando kwa adabu, kama mtu anayempisha mkwe njiani, akaendelea kutafuta kosa kwingine.

"Hilo ni jicho," alisema Bi Mwanamkasi. "Moja haitoshi."

Akaleta ya pili, ya bati vilevile. Sasa fyuzi ziliungua hata kwenye barabara iliyonyooka. Akaleta ya tatu. Idarusi alimaliza fyuzi zote za dukani, na siku ya harusi ilipofika alibakiwa na moja tu mfukoni. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata alipokuwa akioa yeye.

Alasiri, ndoa imekwisha fungwa, bibi harusi akatiwa garini pamoja na bibi yake. Majirani walisimama milangoni wakingoja honi. Idarusi akawasha gari, akafungua boneti, na injini ikitetemeka mbele yake akaona vikopo vitatu vikicheza ngoma juu ya fyuzi na kutoa cheche. Akaelewa, na alipoelewa akatamani asingeelewa. Alikwenda dirishani akainama.

"Mama, hizi hirizi zinakula fyuzi."

"Wasema mie ndiye hasidi wa mjukuu wangu?"

"Nasema ni bati, mama."

Ndipo Sabiha akasema ndani ya buibui, "Bibi, nipeni mimi nizishike. Si ni mimi ninayetazamwa?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. Idarusi akazing'oa zote kwa pupa, na zile nyaya za shaba zikachuna waya wa honi ukabaki mtupu, ukiegemea chuma. Hakuuona. Akampa Sabiha hirizi, akatia fyuzi ya mwisho, na kabla hajagusa kitu kingine honi ikalia yenyewe, ikaendelea kulia. Angeweza kuichomoa, lakini ahadi ni ahadi. Akafunga boneti, akashika usukani.

Ililia njia nzima. Kuku walikimbilia porini, wakata katani walisimama pembeni na kuvua kofia, na askari mmoja, akidhani anapita gavana, alipiga saluti mpaka vumbi likamfunika. Bi Mwanamkasi, vidole masikioni, alikuwa akitabasamu.

Kigombe, wakwe walijaa uwanjani wakipunga mikono. Mzee Haji, baba wa bwana harusi, alikuwa akitoa makaribisho marefu ambayo hayakusikika hata neno. Idarusi akafungua boneti akachomoa fyuzi.

Ikawa kimya. Katika kimya kile watu wote walisikia vilio viwili. Kimoja kilitoka kiti cha nyuma, kwa Sabiha. Cha pili kilikuwa karibu zaidi, na Idarusi alichelewa kutambua kwamba ni chake mwenyewe, na kwamba alikuwa akilia hivyo tangu Chumbageni. Alitaka kumwambia mwanawe kitu. Alifungua mdomo, lakini hakupata neno.

"Baba," Sabiha alisema kwa sauti ndogo, "rudisha fyuzi."

Akairudisha.